Raia mwema, snichi, shushushu: majina ya anayepeleka habari za wenzake

Taarifa za polisi zina lugha yake. "Kufuatia taarifa kutoka kwa raia wema, askari walifika eneo la tukio na kuwakamata watuhumiwa watatu." Raia mwema huyo hatajwi jina, wala haielezwi aliyajuaje mambo yale. Nenda sasa kwa jamaa za watuhumiwa uulize kulikoni. Utaambiwa kuna snichi kawachoma. Mtu ni yuleyule, na simu aliyopiga ni ileile. Kituoni ni mwema, mtaani ni nyoka, na yeye mwenyewe angeulizwa pengine angejibu tu kwamba alichoka kuibiwa.

Kiswahili kina maneno mengi ya watu wa namna hii: mchongezi, mfitini, mbeya, mdaku, mnoko, shushushu, jasusi, kachero, msaliti, haini, mtoa habari, mtoa taarifa, mfichuzi, chanzo. Tunayatumia kwa kuyachanganya, na madhara yake si madogo. Mhasibu aliyeanika wizi wa ofisini kwake anaitwa msaliti. Mtu anayelipwa kuwaandikia wakubwa ripoti za majirani zake anaitwa mzalendo. Mtoto anayejaribu kusema anachotendewa na mtu mzima anaambiwa aache umbea. Neno likishamkaa mtu, hakuna tena anayeuliza alisema nini, na kama alichosema ni kweli.

Ukiyatazama majina haya kwa makini, utaona kwamba mengi hayahusu kabisa kilichosemwa. Yanahusu habari imeelekea wapi: kwa jirani, kwa mkubwa, kwa adui au kwa umma. Halafu yanahusu msemaji alipata nini, na alikuwa nani kwa yule aliyesemwa. Wanaobishana kama fulani ni shujaa au msaliti mara nyingi wanakubaliana juu ya kilichotokea. Wasichokubaliana ni nani alistahili kuambiwa.

Tuanze na wale ambao habari zao hazipandi kwa mkubwa yeyote. Mtu asiye na kifua siri humtoka tu; hana anayemkusudia, na kesho yake hujuta. Mbeya, au mmbea kama wengi wanavyosema siku hizi, anatafuta raha ya masimulizi, na wasikilizaji wake ni watu wa rika lake wasio na uwezo wa kumwadhibu anayesemwa. Mdaku anazidi kidogo, maana yeye huzitafuta habari za watu kabla ya kuzisambaza. Anayetisha katika kundi hili ni mfitini. Yeye hupeleka neno kwa huyu kuhusu yule, kisha akageuka kwa yule kuhusu huyu, na shabaha yake ni wagombane. Dini zimemkemea tangu zamani: Sura Al-Qalam katika Qurani inamtaja kwa ubaya mtu anayetembea na fitina, na Walawi 19 inakataza kuzunguka katika watu kama mchongezi. Lakini mfitini hahitaji polisi, bosi wala mfalme. Silaha yake ni masikio ya watu wawili.

Mambo hubadilika pale habari inapopelekwa kwa mwenye uwezo wa kuadhibu. Hapo neno la kwanza tunalojifunza ni la utotoni: "Nitakusemea kwa mama!" Kwingine watoto husema "nitakushtaki", lakini mimi napenda hili la kwanza kwa sababu ya namna lilivyojengwa. Kusema peke yake hakumgusi mtu: nimesema, basi. Likiingia umbo la kauli ya kutendea, kusema kukawa kusemea, papo hapo anatokea mtu wa kubeba matokeo. Na kitenzi hichohicho kina maana nyingine iliyo kinyume kabisa. Mfanyakazi anayemwomba mwenzake "naomba unisemee kwa meneja" anaomba atetewe. Kumsemea mtu ni kumshtaki, na kumsemea mtu ni kuwa mdomo wake pale ambapo yeye hawezi kusema.

Maana hizo mbili zimo pamoja hata katika tendo lenyewe. Mtoto anayekimbilia ndani kusema mdogo wake kapanda juu ya paa anamsemea kwa maana zote mbili kwa mkupuo: mdogo atakaripiwa, na mdogo atashushwa salama. Wazazi na walimu, wakichoshwa na mashtaka ya kila dakika, hukata neno: "Sitaki umbea hapa." Mkubwa anajua kwamba anazungumzia penseli iliyonyakuliwa. Mtoto hajui. Kwake hiyo ni sheria kamili, na siku mtu mzima atakapomwambia "hii ni siri yetu, usimwambie mtu", ataikumbuka sheria ile na kunyamaza. Wanaoshughulika na ulinzi wa watoto huwafundisha tofauti kwa swali jepesi: unasema ili mwenzako aingie matatani, au ili mtu atoke matatani? Sijaona swali linaloanza vizuri kuliko hilo, hata kwa kesi za watu wazima wenye vyeo.

Shuleni msemaji huyu anageuka kuwa mnoko. Mara nyingi mnoko husema kweli tupu, haongezi hata neno. Lawama yake ni kwamba anaishika kanuni ambayo wenzake wote wamekubaliana kuilegeza, na malipo yake ni kupendwa na mkubwa. Kumchukia mnoko ni kuchukia mwelekeo wa habari, kwa kuwa habari yenyewe haina dosari.

Mchongezi ni tofauti, na hapa Kiswahili kimeona mbali. Fundi anayechonga huchukua gogo la kweli, akalipunguza hapa na kulilainisha pale mpaka linakuwa na umbo analolitaka. Mchongezi huifanyia habari hivyohivyo. Huenda chanzo chake ni tukio halisi, ila linapofika kwa bosi limekwisha kupata umbo la kumdhuru mtu fulani. Ndiyo maana kesi ya kubambikiwa huitwa kesi ya mchongo. Kwa hiyo neno mchongezi si jina tu, ni mashtaka: linadai kwamba habari imetengenezwa. Ukimwita hivyo mtu aliyesema kweli bila kutia chumvi, wewe ndiye uliyemzulia.

Lugha ya mtaani haijali sana ukweli wala uongo. "Kanichoma" hutazama matokeo, "kaniuza" hutazama malipo. Katika maneno yote mawili hakuna nafasi ya kuuliza kama aliyechomwa alikuwa na hatia, na nadhani ndiyo sababu wahalifu wanayapenda.

Wa kazi na wa nyumbani

Jasusi na mpelelezi ni watu wa kazi. Mpelelezi hufungua jalada, ana mkubwa wake, na anaweza kuitwa mahakamani akabanwa kwa maswali. Kachero ni huyohuyo katika lugha ya magazeti. Jasusi hutumwa na dola au kampuni kwenda kuchukua siri za wengine. Waliomtuma humwona mtumishi, walioibiwa humwona adui, lakini hawawezi kumwita msaliti, kwa sababu hakuwa wao. Msaliti sharti awe wa ndani. Kikulacho ki nguoni mwako. Haini naye ni msaliti aliyeingia katika vitabu vya sheria, kwa kuwa uhaini ni kosa dhidi ya dola na lina adhabu yake.

Shushushu ndiye anayetuchanganya. Kwa neno hilo watu humaanisha afisa wa usalama aliyevaa kiraia, na pia jirani anayempelekea afisa huyo habari. Hizo ni nafasi mbili zisizofanana. Afisa ana mshahara, mafunzo na ofisi. Jirani ana kitu kimoja tu ambacho afisa hana, nacho ni kuaminiwa na watu. Siri ya mtungi aijuaye kata. Dola hata iwe na askari wengi kiasi gani haiwezi kuingia jikoni kwa kila mtu, kwa hiyo humtafuta anayeingia huko tayari: rafiki, mfanyakazi wa ndani, mwenzi wa ndoa. Kinachouzwa hapo ni uhusiano kwanza, habari baadaye.

Na kwa kuwa jambo hilo linanuka, dola hulitafutia jina la manukato. Hakuna nchi iliyofanya hivyo kwa utaratibu kama Ujerumani Mashariki. Wizara yake ya usalama, Stasi, ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000 mwaka 1989, na zaidi yao raia wapatao 189,000 waliokuwa wakiiletea habari, katika nchi ya watu kama milioni 16. Zamani raia hao waliitwa kwenye makaratasi "watoa habari wa siri". Mwaka 1968 jina likabadilishwa rasmi: wakawa "washirika wasio rasmi", kwa kifupi cha Kijerumani IM. Mtoa habari ni mtu anayewachungulia wenzake. Mshirika ni mtu anayejenga kitu pamoja nawe. Kwa kawaida mwenye kukubali aliandika hati ya ahadi kwa mkono wake mwenyewe, kisha mara nyingi akajichagulia jina la kificho. Hebu fikiria dakika hiyo, kalamu iko mkononi na afisa anasubiri: mtu anajipa jina jipya ili atakachokiandika kuanzia kesho kiwe kimeandikwa na mwingine.

Januari 1992 waliochunguzwa waliruhusiwa kusoma majalada yao. Mwanaharakati Vera Wollenberger alikuja kugundua kwamba aliyekuwa akiripoti habari zake chini ya jina la "Donald" ni mume wake, baba wa watoto wake. Mume hakuhitaji kuzua uongo. Alichoripoti ni maisha ya kawaida ya nyumba yao na ya marafiki zao, na ndiyo maana mimi sikubaliani na wanaosema kwamba ubaya wa mtoa habari unapimwa kwa ukweli wa maneno yake. Mambo ya kweli kabisa yanaweza kuwa usaliti, kama hayakuwa kosa na kama anayepelekewa hakuwa na haki ya kuyajua.

Walinzi wa sheria au maangamizi ya umma

Ugomvi wa majina ni wa kale. Athene ya zamani haikuwa na ofisi ya mwendesha mashtaka. Raia yeyote aliyetaka aliweza kumshtaki mwenzake kwa niaba ya mji, na katika baadhi ya kesi mshtaki aliyeshinda aligawiwa sehemu ya kilichotozwa. Wakazuka watu waliofanya kushtaki kuwa biashara: hukwenda kwa tajiri na kumwambia alipe au apelekwe barazani. Waathene waliwaita sykophantes, na lilikuwa tusi zito. Dawa waliyoitafuta inavutia. Hawakufunga mlango wa kushtaki. Walisema mshtaki atakayeshindwa kupata hata moja ya tano ya kura za mahakama katika kesi za umma atatozwa drakma 1,000. Mwenye habari ya kweli aliweza kuingia, na mwenye mchongo alijua bei yake.

Roma ilikwenda njia nyingine. Katika kesi za kuivunjia dola utukufu wake, mshtaki, yaani delator, aliweza kuondoka na robo ya mali ya aliyehukumiwa. Chini ya Kaisari Tiberio kesi hizo zilishamiri, watu wakafikishwa mahakamani kwa maneno ya mezani. Mwaka 24 baada ya Kristo senati ilijadili kufuta zawadi hiyo pale mshtakiwa anapojiua kabla ya hukumu. Tiberio akakataa, akisema ni heri sheria zipinduliwe kuliko kuwaondoa walinzi wa sheria hizo. Mwanahistoria Tacitus, aliyetusimulia kikao hicho, anawaita watu haohao kundi lililobuniwa kwa maangamizi ya umma. Miaka mingi baadaye Kaisari Tito aliwaburuta hadharani, wakachapwa viboko, wakapitishwa uwanjani mbele ya watu, wengine wakauzwa utumwani na wengine wakahamishiwa visiwani. Kazi haikuwa imebadilika. Aliyekuwa akiinunua ndiye aliyebadilika.

Ukitaka mfano wa karibu zaidi wa jina linalotegemea aliyeshika madaraka, yupo Pavlik Morozov, mvulana wa kijiji cha Gerasimovka katika Umoja wa Kisovyeti, aliyeuawa pamoja na mdogo wake mwaka 1932. Serikali ilieneza kwamba alimshtaki baba yake mzazi kwa mamlaka, ikamfanya kielelezo cha watoto wote wa nchi, ikamjengea sanamu. Wanahistoria wamebishana sana kama alifanya yote aliyosifiwa. Mwaka 1991 sanamu yake ya Moscow iling'olewa, na jina lililokuwa la shujaa likabaki kuwa la mtoto aliyemuuza baba yake.

Uso uliofunikwa

Katika kasri la watawala wa Venice bado kuna matundu ukutani yaliyozungukwa na uso wa kuchonga, mdomo wazi. Watu waliyaita vinywa vya simba. Raia alitumbukiza karatasi ya mashtaka upande huu, na upande wa pili wa ukuta lilikuwapo sanduku la wakubwa. Maandishi ya mojawapo yanaeleza kazi yake: ni la mashtaka ya siri dhidi ya wanaoficha upendeleo na vyeo, au wanaokula njama ili pato halisi lisijulikane. Nikilisoma leo naona karibu kabisa na laini za simu za kuripoti rushwa. Hitaji ni lilelile: mdogo anaogopa kulipiziwa kisasi na mkubwa, kwa hiyo afichwe.

Lakini kuficha uso kuna upande wake wa pili, na watu wa Nairobi waliuona Aprili 1954. Katika Operesheni Anvil, jeshi la Waingereza lilizingira jiji kuwasaka wafuasi wa Mau Mau. Watu walipitishwa kwenye foleni mbele ya mtu aliyevikwa gunia kichwani, lenye matundu ya macho tu. Hakusema neno. Akitikisa kichwa namna moja, umeachiliwa; akitikisa namna nyingine, unapelekwa kizuizini bila kesi. Wakikuyu walimwita gakunia, yaani kigunia. Jina halikutaja alichofanya wala aliyemtuma. Lilitaja kile tu ambacho mshtakiwa aliweza kukiona. Huwezi kumjibu mtu wa gunia. Huwezi kumuuliza alikuona wapi, siku gani, na kama mna ugomvi wa shamba.

Msimamo wangu katika hili ni mmoja. Habari ya siri inatosha kufungua uchunguzi, haitoshi kuufunga. Anayepiga simu kusema dawa za zahanati zinaibwa anastahili jina lake lifichwe kwa kila hali, na baada ya hapo kazi ni ya wakaguzi kuhesabu maboksi na kufungua vitabu. Maboksi yakihesabiwa, hakuna tena anayehitaji kujua nani alipiga simu. Ila pale ambapo neno la aliyefichwa ndilo ushahidi pekee wa kumfunga mtu, hapo pana gunia, hata kama mahali penyewe panaitwa mahakama.

Na woga wa mtu aliyefichwa huzaa maafa upande wa pili pia, kwa wanaowinda watoa habari. Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi ilikuwa na neno la mtaani la mtoa habari wa polisi: impimpi. Ilikuwa pia na neno ambalo msomaji wa Kiswahili analijua vizuri sana. Wapiganaji wa ukombozi waliokamatwa wakageuzwa kuwatumikia polisi wa usalama, wakiwa na kambi yao kwenye shamba la Vlakplaas karibu na Pretoria, waliitwa askari. Mwaka 1985 mtu aliyetumwa na polisi aliwapa vijana wanaharakati maguruneti yaliyochezewa ili yawalipukie mikononi. Vijana kadhaa walikufa. Mwezi mmoja baadaye, Julai, msichana Maki Skosana alihudhuria mazishi katika kitongoji cha Duduza. Watu walikuwa wameshamshuku kuwa na uhusiano na mtu yule. Umati ulimshambulia na kumchoma moto akiwa hai, na kamera za televisheni zikarekodi. Miaka mingi baadaye Tume ya Ukweli na Maridhiano ilisikiliza ushahidi wa ndugu yake, ikamsafisha: hakuwa mtoa habari. Aliyepeleka yale maguruneti alikuwa hai.

Ninalitaja tukio hili kwa sababu tunasema "yule ni shushushu" kwa wepesi mno, hasa juu ya mgeni, mkimya, au mtu aliyeachiliwa na polisi mapema kuliko wenzake. Tuhuma ya kuwa mtoa habari haina namna ya kukanushwa. Akikana, ndivyo wanavyokana wote. Polisi wa nchi nyingi wanalijua hilo, na wamewahi kulitumia kwa makusudi: humwachilia mmoja haraka, na wenzake wanamalizana naye wenyewe.

Fedha na nia

Swali linalofuata kila mara ni: alilipwa? Kwa wengi, fedha ikitajwa mjadala umekwisha. Sheria za nchi nyingi hazioni hivyo. Mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wafanyabiashara walikuwa wakiliuzia jeshi bidhaa mbovu. Rais Lincoln akatia saini sheria inayomruhusu raia kumshtaki tapeli wa serikali na kupata sehemu ya fedha zitakazorudishwa. Sheria hiyo ingali hai, na tangu mageuzi ya mwaka 1986 fungu la mshtaki kwa kawaida ni kati ya asilimia 15 na 30. Fikra yake ni ya wazi: anayejua wizi wa ndani ni mtu wa ndani, na mtu wa ndani atapoteza kazi, kwa hiyo alipwe.

Bradley Birkenfeld, mfanyakazi wa benki ya UBS ya Uswisi, ni mtu aliyebeba majina yote kwa wakati mmoja. Aliwaeleza maofisa wa Marekani jinsi matajiri walivyosaidiwa kuficha fedha wasilipe kodi, na mwaka 2009 benki ikakubali kulipa dola milioni 780. Yeye mwenyewe alifungwa kwa kushiriki njama hiyohiyo; waendesha mashtaka walidai kwamba hakusema yote kuhusu mteja wake. Mwaka 2012, baada ya kutoka gerezani, mamlaka ya kodi ya Marekani ilimpa zawadi ya dola milioni 104. Mhalifu, mtoa habari, mfichuzi, tajiri. Hakuna neno moja litakalomtosha, na sidhani tunalihitaji. La muhimu ni kwamba akaunti zilikuwapo.

Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya mwaka 2019 ya kuwalinda wanaoripoti uvunjaji wa sheria, umelifikia jambo hilo moja kwa moja: nia ya msemaji si kigezo cha kumlinda au kutomlinda. Kinachoulizwa ni kama alikuwa na sababu ya maana ya kuamini kwamba anachosema ni kweli. Anaweza kuwa ana kinyongo na bosi wake, na bosi akawa mwizi vilevile.

Wahalifu wanaowageuka wenzao wana jambo la kutufunza hapa. Tommaso Buscetta, mkubwa wa mafia wa Sicily aliyepoteza wana wawili katika vita vya ndani vya kundi lake, alianza kuzungumza na hakimu Giovanni Falcone mwaka 1984. Maneno yake yalisaidia kujenga kesi kubwa ya Palermo iliyofunguliwa mwaka 1986 na kumalizika Desemba 1987 kwa kuwatia hatiani watu zaidi ya 300. Waitalia humwita mtu kama huyo pentito, aliyetubu. Buscetta alilikataa neno hilo. Alidai kwamba si yeye aliyegeuka, ni wenzake walioyasaliti yale waliyoapia. Mtu anaweza kumwona mnafiki, maana mikono yake haikuwa safi, lakini mantiki yake inastahili kusikilizwa: msaliti ni nani, aliyevunja kiapo au aliyetangaza kwamba kiapo kimevunjwa?

Neno ambalo bado tunalitafuta

Kwa anayeanika uovu wa taasisi yake kwa manufaa ya wote, lugha nyingi zilikuwa hazina neno lisilo na uchafu, zikalazimika kuliunda. Waholanzi wanasema mpiga kengele. Wafaransa wamechagua neno la mtoa tahadhari. Waingereza na Wamarekani wametumia filimbi, na katika tafsiri nyingine za Kiswahili utakuta "mpuliza kipenga", ambaye kwetu anaonekana kama refa. Haikushika, na ni heri.

Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 inawalinda "watoa taarifa" na mashahidi. Ni neno safi, halimtukani mtu. Kasoro yake ni upana: msemaji wa wizara hutoa taarifa, mtangazaji wa hali ya hewa hutoa taarifa, na jirani anayewaandikia usalama habari za kitanda cha mwenzake anaweza kujificha nyuma ya jina hilohilo. "Chanzo", neno la waandishi wa habari, linamlinda mtu vizuri kwa kuwa linamfuta kabisa, ila halisemi lolote juu ya ubora wa alichokitoa.

Mimi nashika mfichuzi. Kufichua hakuwezekani pasipo mtu aliyeficha, kwa hiyo neno lenyewe linamrudisha msikilizaji kwa yule wa kwanza. Kenya walimpata wa mfano katika David Munyakei, karani wa Benki Kuu aliyeona malipo ya kashfa ya Goldenberg, fedha za serikali zilizolipwa kwa mauzo hewa ya dhahabu na almasi nje ya nchi, yakipita, akawapa wabunge wa upinzani nyaraka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alikamatwa, akapoteza kazi, na hakurudishwa tena. Mwaka 2004 Transparency International, shirika la kupambana na rushwa, lilimpa tuzo ya uadilifu. Mwaka 2006 alifariki dunia akiwa maskini. Fedha alizozionyesha zilikuwa za umma, na umma ndio uliofichwa.

Neno hili lina mpaka wake. Anayetoa hadharani cheti cha hospitali cha mwenzake, au picha za faragha za mtu aliyeachana naye, hafichui kitu, hata kama kila kilichomo ni kweli. Hakuna aliyeibiwa kwa kufichwa kwake. Na hata uovu wa kweli una ngazi zake: sheria ya Ulaya, kwa mfano, inahimiza kuanzia ndani ya taasisi pale inapowezekana, inamruhusu mtu kwenda moja kwa moja kwa mamlaka ya nje, na inamlinda anayekwenda kwa umma iwapo alishasema kwa mamlaka hizo na hakuna kilichofanyika, au iwapo hatari ni ya dharura, au iwapo anayepaswa kuipokea taarifa ndiye aliyemo ndani ya taarifa.